Samaki walikosa pumzi, hawakurogwa

Mhariri,

Wiki jana mlichapisha habari ya samaki waliokufa vizimbani, yaani katika nyavu za kufugia samaki majini, kwenye ufuo mmoja wa Ziwa Victoria, mkaipa kichwa chenye neno "uchawi". Mliwanukuu wanakijiji watatu na mganga mmoja. Mtu anayejua maji hakuulizwa hata neno. Naomba nafasi kwa sababu yaliyowapata wenzetu hao yalitupata sisi Novemba 2022, na nusura tumuue mtu.

Sisi ni kikundi cha akina mama tisa. Tulikuwa na vizimba vinne vya ngege, yaani tilapia, vimebakisha wiki mbili tuvune. Saa kumi na moja alfajiri mlinzi akapiga simu: samaki wako juu, vinywa wazi, wanatweta. Tulipofika, jua lilikuwa limechomoza na vizimba vimejaa matumbo meupe. Wakubwa, wale wa kwenda sokoni, walikuwa wamekufa karibu wote. Katika kizimba cha wadogo, nusu walikuwa wangali hai. Nje ya nyavu, hatua chache tu, hapakuelea hata mzoga mmoja. Tukaulizana: ni nani huyu aliyechagua samaki wetu, akaacha wa ziwa?

Jina lilipatikana kabla ya saa tatu. Jana yake nyanya mmoja jirani yetu alikuja kuomba samaki kwa mkopo akanyimwa, na mimi ndiye niliyemnyima. Aliyelelewa kando ya ziwa hili anaijua hadithi ya Simbi Nyaima, kule karibu na Kendu Bay: kikongwe alifika penye sherehe, akafukuzwa, mvua ikashuka usiku, kijiji kizima kikazama, pakawa ziwa. Tulilala na hadithi hiyo utotoni. Asubuhi ile ilitutosha kuwa ushahidi. Vijana walikuwa wameshashika njia ya kwake, na ni mwenyekiti wetu, mama wa makamo asiye na nguvu zozote, aliyewatangulia akakaa mlangoni pa yule nyanya akakataa kuondoka. Mwaka mmoja tu nyuma, Oktoba 2021, wanawake wazee wanne waliuawa na kuchomwa Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Hakuna kati yetu aliyekuwa hajasikia habari hiyo, na bado vijana walikwenda.

Afisa wa uvuvi alifika adhuhuri na kifaa cha kupima oksijeni. Akakitumbukiza katika kila kizimba. Ngege wanafaa kupata miligramu 5 kwa lita au zaidi. Yetu haikufika hata 1. Akasema, "Mama, hawa hawakurogwa wala hawakuwekewa sumu. Walikosa pumzi."

Alitueleza pale pale, tukiwa tumesimama katikati ya harufu. Maji ya ziwa hukaa kwa tabaka. Ya juu hupata jua na upepo. Ya chini ni baridi na mazito, na huko ndiko unakozama mwani uliokufa, gugumaji linalooza na chakula cha samaki kilichobaki. Uozo huo hula oksijeni ya chini mpaka ikaisha. Ukija upepo mkali, kama ule uliong'oa mabati usiku huo, maji ya chini hupinduliwa yakaja juu. Na mwani ulio hai, unaotoa oksijeni mchana kwa nguvu ya jua, usiku huivuta kama tunavyoivuta sisi, hivyo saa mbaya kuliko zote ni karibu na mapambazuko. Samaki aliye huru huyahisi maji hayo akakimbia. Wa kizimbani atakimbilia wapi? Mkubwa huhitaji hewa nyingi, ndiyo maana hutangulia kufa; sumu kwa kawaida huanza na wadogo.

Kilichonimalizia shaka ni mumi mmoja, yaani kambare. Alikuwa amejipenyeza kizimbani akiwa mdogo akakulia humo. Kati ya mizoga yote hiyo alikuwa akiogelea mzima, kwa sababu mumi anaweza kupanda juu akavuta hewa yetu hii, sawa na kamongo. Kila mvuvi anajua kwamba mumi hafi upesi nje ya maji. Tulikuwa na jibu mbele ya macho yetu tangu alfajiri.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1990 mtafiti Peter Ochumba alichapisha kazi yake kuhusu vifo vingi vya samaki katika Ghuba ya Nyanza, kabla vizimba havijaenea ziwani. Hata Simbi Nyaima yenyewe ni shimo lililochimbwa na mlipuko wa volkano, na ukijani wake ni mwani wa maji ya magadi. Hadithi yake naipenda na nawasimulia wajukuu zangu, maana inafunza kumkaribisha mgeni. Lakini haiwezi kusimama mahali pa kipimo. Vivyo hivyo nguzo za moshi tunazoziona katikati ya ziwa, ambazo marehemu baba aliziita moto wa mizimu: ni mamilioni ya wadudu wanaotoka kwenye tope la ziwani na kuruka pamoja, hasa siku za mwezi mwandamo.

Nyanya yetu yuko hai. Nilimpelekea samaki, akapokea, akanishukuru. Ila hapiti tena ufuoni kwetu. Huzunguka kwa barabara ya juu, na miguu yake inamuuma.

Mhariri, kituo cha taasisi ya utafiti wa uvuvi, KMFRI, kiko hapa Kisumu. Wapigieni simu. Katika habari yenu mliandika kwamba "jirani mmoja anashukiwa". Mtu huyo anaishi kijijini, na gazeti linasomwa kijijini. Nawasihi mchapishe maelezo ya oksijeni kwa herufi kubwa kama zile za wiki jana, na mfanye hivyo katika toleo lijalo, msingoje mwezi uishe.

Mama mfugaji wa samaki,
Kisumu Magharibi.