Barua kwa mdogo wangu wa Nottingham, Uingereza, kuhusu bia ya pampu ya mkono

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Moshi. Umeniandikia kwamba bia ya huko ni ya uvuguvugu, haina gesi, na glasi uliiacha mezani. Nakuomba uirudie kabla hujaihukumu. Nadhani ulipewa bia iliyochoka, na bia iliyochoka ina dalili zake. Wewe umekulia kwenye mbege, bia yetu ya ndizi, mambo haya hayatakupa shida.

Bia ya kegi, yaani ya pipa la chuma lililofungwa, huondolewa hamira kiwandani, halafu husukumwa kwa gesi. Hii ya pampu ya mkono hutoka kiwandani hamira ikiwa hai, na sukari kidogo ya kuila. Inaendelea kuchachuka ndani ya pipa, huko stoo chini ya sakafu ya baa. Kwa hiyo mwenye baa ndiye anayeimalizia, na mara nyingi huharibikia mikononi mwake.

Pipa la kawaida lina galoni 9, yaani painti 72, kama lita 41. Hulazwa ubavu na kukabwa kwa kabari lisitikisike. Juu yake kuna tundu. Mtunza stoo hupigilia humo kijiti laini chenye vinyweleo, gesi ya ziada itoke polepole, na povu likishatulia hukibadilisha na kigumu ili gesi iliyobaki isitoroke. Ndani kunakuwa na dawa ya kung'arisha inayotokana na kibofu cha hewa cha samaki. Hiyo hukusanya hamira na kuishusha tumboni mwa pipa. Akianza kuuza kabla bia haijatulia siku moja au mbili, utaona ukungu kwenye glasi na kusikia ladha ya hamira mbichi. Akisahau kurudisha kijiti kigumu usiku baada ya kufunga, kesho yake bia imepooza.

Halafu kuna hewa. Kila painti inayovutwa huacha nafasi, na hewa ya stoo huingia kuijaza. Ndiyo maana pipa likishafunguliwa lina siku 3 hivi za uzuri wake, baada ya hapo huanza kuelekea kwenye siki, kama mbege iliyokosa wanywaji. Sasa piga hesabu: painti 72 kwa siku 3 ni painti 24 kila siku, kwa kila pampu, maana kila pampu ina pipa lake. Ukikuta pampu 8 na wateja sita tu Jumanne usiku, sehemu ya bia hizo imeshapitwa na wakati. Mimi ningechagua baa yenye pampu 3 zinazofanya kazi kuliko yenye 10 za kupendezesha kaunta. Tazama wenyeji wanakunywa ipi, nawe agiza hiyohiyo. Na usiwe mteja wa kwanza mlango unapofunguliwa, kwa sababu bia iliyolala usiku kucha kwenye mpira wa kuipandisha kutoka stoo inatakiwa kumwagwa, na si kila baa inakubali hasara hiyo.

Kuhusu uvuguvugu: stoo nzuri hukaa kwenye nyuzi 11 hadi 13. Hiyo ni baridi kuliko maji ya mtungini. Ikishuka hadi ubaridi wa friji, harufu ya kimea na ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, hujificha. Kama glasi yako ilikuwa na joto la chumba, kosa ni la baa.

Hapo mjini anzia baa ya Ye Olde Trip to Jerusalem, chini ya mwamba wa ngome. Ukutani wameandika kwamba ilianza mwaka 1189, lakini jengo lenyewe kwa sehemu kubwa ni la karne ya 17, na baa mbili jirani, Bell na Salutation, nazo zinadai ukongwe. Mbao zao zimepimwa na kukutwa ni za karne ya 15. Mabishano hayo waachie wenyewe. Wewe panda ghorofani, ukae kwenye chumba kilichochongwa ndani ya mwamba wa mchanga, uguse ukuta usikie ubaridi wake. Mapango ya chini yake yalitumika kupikia bia na kuitunza, kwa kuwa jiwe hilo halibadiliki joto ovyo. Kuna merikebu ndogo ya mbao iliyofunikwa na vumbi zito. Kuisafisha ni mwiko, wanasema waliowahi kuifuta vumbi walikufa ghafla. Siku hizi imewekwa ndani ya kioo. Kuna pia mchezo wa kurusha pete iliyofungwa kwenye kamba ili inase kwenye pembe ya fahali ukutani. Jaribu, lakini simama kando mwenzako anaporusha.

Usikae mezani kusubiri mhudumu, nenda kaunta mwenyewe. Foleni haionekani, ila kila mtu anajua nani kamtangulia, na mhudumu pia anajua. Usipunge noti. Omba uonje kidogo kwanza, watakupa bila malipo, kisha chukua nusu painti ya ile iliyoandikwa bitter, bia ya Kiingereza yenye uchungu kidogo na kilevi cha asilimia 4 hivi. Kibao cha pampu kikigeuzwa kinyume, bia hiyo imekwisha au haijawa tayari. Ukiwa na wenzako, mmoja hununulia wote na raundi inayofuata ni ya mwingine. Ukinywa za watu tatu ukaondoka bila kununua, watakukumbuka.

Ikifika, inyanyue kwenye mwanga, inuse, kisha nywa funda moja. Ikinuka siki, au ikawa na ladha ya siagi iliyochacha, irudishe papo hapo, glasi ikiwa bado imejaa. Sema tu kwa upole kwamba haiko sawa. Baa inayojiheshimu itakubadilishia bila maneno na kwenda kukagua pipa. Ukungu peke yake uliza kwanza, maana siku hizi zipo zinazouzwa bila ile dawa ya samaki makusudi.

Msalimie shemeji. Ukienda, muulize mhudumu pipa limefunguliwa lini, kisha uniandikie alichokujibu na bia ilivyokuwa.

Kaka yako