Kola ya shingoni haizuii mtikisiko wa ubongo

Mhariri,

Ninafundisha vijana raga, na siku hizi haipiti wiki bila mzazi kuniuliza kama amnunulie mwanawe ile kola ya shingoni inayosemwa kuwa inalinda ubongo. Naomba nafasi niseme ninachowajibu.

Kola hiyo, Q-Collar, ina umbo la herufi C na hubana kidogo mishipa mikubwa ya shingo inayorudisha damu kutoka kichwani. Damu ndani ya fuvu huongezeka kidogo, na ubongo hukosa nafasi ya kuchezacheza. Februari 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu iuzwe kwa wanamichezo wa miaka 13 na zaidi. Katika utafiti mmoja ulioegemewa, wachezaji 284 wa futiboli ya Kimarekani wa shule za sekondari walipigwa picha za MRI kabla na baada ya msimu. Kati ya 139 waliovaa kola, 77% hawakuonekana na mabadiliko makubwa katika sehemu za ndani za ubongo. Kati ya 145 ambao hawakuvaa, 73% walikuwa nayo.

Wengi wanaoisimulia habari hii huishia hapo. Mamlaka ileile ilisema waziwazi kwamba takwimu hizo hazionyeshi kuwa kola inazuia mtikisiko wa ubongo, wala haichukui nafasi ya kofia ngumu.

Msimu uliopita kijana wangu mmoja, kola shingoni, aliinama kukaba akakutana na goti la mpinzani. Aliinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi. Nilipomwita akaniuliza tuko ngapi kwa ngapi. Nikamwambia. Kabla sijamaliza kumtazama macho, akaniuliza tena. Nikamtoa. Alikuja juu: "Kocha, si nimevaa kola?" Mama yake, kando ya uwanja, naye akaniuliza vivyo hivyo, kwa nia njema kabisa. Kauli hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi, maana mtoto aliyeumia ubongo akipigwa tena kabla hajapona anaweza kufa.

Hata kofia ngumu, ambayo naiheshimu sana, kazi yake kubwa ni kulinda fuvu lisipasuke. Ubongo unaelea ndani ya maji yake, na kinachouumiza zaidi ni kichwa kuzungushwa ghafla, nyuzi zake zikavutika. Pigo la kifuani linatosha kufanya hivyo bila kichwa kuguswa.

Kifaa ninachokiamini zaidi ni kinga ya meno yenye vihisio, ambayo World Rugby, shirikisho la raga duniani, iliiingiza katika utaratibu wa uchunguzi wa kichwa kwa raga ya kiwango cha juu mwaka 2024. Haidai kuzuia chochote. Kichwa kikipata mshtuko mkubwa, taarifa humfikia daktari, na mchezaji hutolewa akachunguzwe. Inamsogeza mtoto nje ya uwanja, wakati kola, ikiuzwa vibaya, inampa sababu ya kubaki.

Ombi langu kwenu: mnapoandika kuhusu vifaa hivi, mwulizeni mtengenezaji kama kinapunguza mabadiliko kwenye picha au mtikisiko wenyewe, na jibu lake mliweke juu kabisa ya habari, mzazi alione kabla ya bei.

Kijana wangu alirudi mazoezini baada ya daktari kuridhika. Kola bado anaivaa, wala sijamkataza. Tumekubaliana tu kwamba nikimwita, anatoka.

Kocha wa raga ya vijana