Mwache Neema aende Songea

Ndugu yangu Vero,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku Tanga hatujambo. Barua yako nimekabidhiwa na Mama Rehema, na tangu niisome sijatulia, kwani unasema unahangaikia uhamisho ili Neema asiende Kidato cha Tano Songea, abaki karibu nawe hapo Mwanza.

Nakusihi umwache aende. Mimi na wewe hatukukutanishwa na ukoo wala ujirani. Sheria ya Elimu ya 1969 iliiwezesha serikali kuzitwaa shule za misheni, wanafunzi wakawa wakipangiwa mikoa ya mbali na kwao, na ndivyo katika bweni letu Mhaya alivyolala kitanda cha juu na Mmakonde cha chini, wakipokezana ndoo moja ya maji na zamu ya kufagia. Tuligombana kwa Kiswahili, tukapatana kwa Kiswahili. Mazoea yale ndiyo yanayotufanya hadi leo tuone haya kumuuliza mtu kabila lake kabla ya kumpa kazi.

Shule za kata, zilizoenea tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa 2004, zimewapa nafasi watoto wengi ambao wangeishia darasa la saba, nami nazishukuru kwa dhati; lakini mtoto anayesoma akitokea nyumbani hadi Kidato cha Nne hukua na wale wale wa mtaani kwao. Wengi wao huanza kuishi na watu wa kwingine wakifika Kidato cha Tano, au katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambayo ilirejeshwa 2013 kwa wahitimu wa Kidato cha Sita.

Sikatai kwamba bweni lilitufunza hofu pia. Unakumbuka tulivyoinamisha macho mbele ya mwalimu wa zamu, tusije tukaonekana wajeuri? Hofu ile ile naiona kazini kwangu: mkuu akimaliza kusema, watu wazima wenye ujuzi wao hunyamaza kimya, kisha hutoa ya moyoni wakiwa koridoni. Kwa hiyo Neema mzoeze kuuliza kwa heshima, na umwahidi kwamba akionewa, utamsikiliza.

Shemeji anasemaje? Neema mwenyewe ameulizwa? Kinachokutisha ni umbali, au ni maneno ya Dada Grace? Na tranka umeshanunua, au nikutumie lile la Asha? Nijibu kabla ya tarehe ya kuripoti.

Wako akupendaye,
Mwanahamisi