Barua kwa Mama Salma: Watoto na Taka za Nyumbani

Mbagala, Dar es Salaam

Kwako mwenzangu Mama Salma,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima huko Tanga. Sisi huku tu wazima, ila joto tu ndilo linalotusumbua. Barua yako niliipokea na nimeirudia mara kadhaa, hasa pale ulipoeleza kwamba Salma alirudi kutoka shuleni akiimba wimbo wa kutunza mazingira, na kabla wimbo haujaisha akatupa kifuko cha ubuyu mlangoni. Umeniuliza watoto wa umri huo wafundishwe vipi kupunguza taka, kutumia vitu tena na kuvirejeleza, kwa sababu maneno wameshayakariri lakini mikono haijabadilika.

Usimlaumu mtoto. Wimbo alifundishwa kama wimbo, naye akauimba kama wimbo. Nimefundisha darasa la awali muda wa kutosha kuamini kwamba mtoto wa miaka minne hadi saba hujifunza habari ya taka kwa kupewa kazi ndogo iliyo yake na si ya mwingine, na kwa kuona kwa macho yake kitu kinakokwenda kikishatoka mkononi mwake. Sisi watu wazima tukishalipa ada ya taka na gari likapita, tunahesabu kwamba mambo yamekwisha. Mtoto hata hilo gari halimhusu. Huku kwetu, taka zinazozolewa hupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, na zisizozolewa huingia mitaroni, zikachukuliwa na maji ya mvua hadi mtoni na hatimaye baharini. Huna haja ya kumsafirisha Salma hadi dampo ili aelewe. Mvua ikikatika, mshike mkono mwende mkatazame mtaro ulio karibu nanyi, mkisimama mbali na maji, kisha umwulize ni vitu gani anavitambua. Atakutajia pipi, biskuti na juisi zote ziuzwazo dukani kwenu, kwa rangi za makaratasi yake.

Ndiyo maana nakushauri uanze na taka zake mwenyewe. Mpe kopo la maziwa ya unga liwe lake, na kwa wiki nzima aweke humo kila karatasi ya pipi, kila kijiti cha lambalamba na kila kifuko cha barafu. Usimhubirie. Jumamosi mlimwage kopo kwenye mkeka wa zamani, mvipange vitu kwa aina, umwache alitazame rundo lake. Halafu chukueni ganda la ndizi na karatasi moja ya biskuti, ile inayong'aa, mvifukie katika shimo moja uani na kuchomeka kijiti juu kama alama. Baada ya wiki kadhaa mfukue. Ganda la ndizi litakuwa limegeuka udongo mweusi au limebaki nyuzi chache tu, lakini karatasi ya biskuti itatoka kama ilivyoingia, na ukiisuuza maandishi yake yatasomeka. Darasani kwangu hakuna somo lililowahi kuzua maswali mengi kama shimo hili. Mtoto mmoja aliniuliza kama ile karatasi itakuwapo hata yeye akiwa babu. Nilimjibu kwamba huenda itakatika vipande vidogo vidogo sana, lakini vipande hivyo bado vitakuwa plastiki. Alinyamaza kidogo, akaichomoa shimoni, akaitia mfukoni mwake, na hakukubali kumpa mtu mwingine.

Sasa nije kwenye kupunguza, jambo ambalo wengi wetu tunaliruka kwa sababu halina cha kuonyesha. Taka ambayo haikuingia nyumbani haihitaji kupangwa, kuzolewa wala kuchomwa, lakini mtoto hawezi kuiona, na mwalimu hawezi kuitundika ukutani. Unakumbuka Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Bara, jinsi watu walivyodhani kwamba hakuna atakayeweza tena kwenda sokoni, ilhali wenzetu wa Zanzibar walikuwa wamekwisha kuizuia zaidi ya miaka kumi kabla. Tulikuwa tumezizoea rambo kiasi cha kusahau kwamba bibi zetu waliishi na vikapu vya ukindu maisha yao yote. Hata hivyo, hebu tazama nyuma ya mlango wa jiko lako: nina hakika kuna mifuko mbadala chungu nzima, na kila mmoja ulinunuliwa siku uliyosahau mwingine nyumbani. Ile mifuko laini inayofanana na kitambaa nayo kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki, kwa hiyo faida yake hupatikana tu ikitumika mara nyingi. Hapo ndipo pa kumpa mtoto cheo. Kwangu mimi, mwanangu Idi ndiye mwenye dhamana ya kikapu, na hakuna anayetoka kwenda gengeni bila kuulizwa. Amekuwa mkali kuliko afisa wa mazingira. Juzi alimrudisha baba yake kutoka barabarani, na baba mtu akarudi bila ubishi.

Vivyo hivyo kwenye chakula: mpakulie kidogo, akimaliza aongezewe, na maji ya shuleni aende nayo kwenye chupa yake inayojazwa kila asubuhi. Hayo unayajua.

Kuhusu kutumia tena, huna haja ya kutafuta mifano mbali, kwa maana chupa ya soda ya kioo inatosha. Salma akitumwa soda dukani huambiwa aende na chupa tupu, la sivyo mwenye duka hudai pesa ya chupa. Mweleze sababu yake: chupa ile hurudi kwenye kreti, kreti hurudi kiwandani, chupa ikaoshwa na kujazwa upya, na huenda anayoinywea leo ilishanywewa na mtu asiyemjua huko Korogwe. (Idi alipoelezwa hivyo aliishika chupa mbele ya taa, akaikagua kwa muda mrefu, ndipo akakubali kunywa.) Kisha mwulize ile chupa ya plastiki hurudi wapi, na mwachie swali hilo bila jibu kwa siku kadhaa.

Lakini mwalimu mkubwa kuliko wote katika jambo hili ni nazi, na wewe uliyelelewa pwani ndiwe utakayelifundisha somo hili vizuri kuliko mimi. Siku utakayokuna nazi, mkalishe Salma karibu na mbuzi na umpe kazi ya kufuatilia kila sehemu inakokwenda. Makumbi yakilowekwa hadi yakaoza na kupondwa hutoa usumba, na usumba husokotwa kamba au hujazwa magodoro. Kifuu hutengenezwa upawa, na kisichofaa upawa huingia jikoni kuwa kuni. Tui huingia kwenye mchuzi, machicha huenda kwa kuku, na makuti ya mnazi uleule huezeka banda la kuku hao. Mwishoni mwulize ni kitu gani kimebaki cha kutupa. Katika mji wetu siku hizi tunanunua nazi zilizokwisha kufuliwa, hivyo darasa langu halijawahi kuiona kumbi ikiwa kazini. Ninyi mngali nazo, zitumieni. Jambo moja tu la kuangalia: kifuu kilichoachwa uani kikielekea juu hukinga maji ya mvua, na humo huzaliana mbu waenezao homa ya dengue, ambayo ilitusumbua sana huku mwaka 2014 na tena 2019. Kwa hiyo watoto wangu wana kazi nyingine ya kudumu, ambayo ni kuzunguka uani baada ya kila mvua na kugeuza vifuu, makopo na tairi. Wanaipenda kuliko zote, kwa sababu ina ukimbizani ndani yake.

Nina neno la lawama hapa, na unisamehe kama litakuwa kali. Kuna shule moja, nisingependa kuitaja, iliyowaagiza wazazi walete chupa za plastiki tupu kwa ajili ya maonyesho ya mazingira. Wazazi wasiokuwa nazo walikwenda dukani kununua soda, wakainywa haraka haraka ili chupa zipatikane kabla ya kesho yake. Watoto wakazikata, wakazibandika gundi, wakazipaka rangi na kuzimwagia vumbi linalong'aa, zikawa maua. Baada ya maonyesho maua yote yalitupwa, na hakuna mnunuzi wa chakavu aliyeyataka, kwa kuwa plastiki iliyopakwa rangi na gundi haina bei. Linganisha na gari ambalo mtoto hujitengenezea mwenyewe kwa kopo na vizibo vya soda, au mpira wa makaratasi na matambara uliofungwa kwa kamba, ambao huchezewa hadi ukafumuka na kusukwa upya. Ukitaka kujua kama kitu kimetumika tena kweli, tazama kama mtoto atalia kikipotea.

Kwa vinavyobaki baada ya hapo, utahitaji salfeti mbili na ndoo moja. Salfeti ya kwanza iwe ya chupa za plastiki, zilizosuuzwa na kukanyagwa zikawa bapa. Kukanyaga ni kazi ya watoto, na huna haja ya kuwaomba. Ya pili iwe ya makopo na vyuma. Kabla Salma hajajua kusoma vizuri, chora chupa kwenye salfeti moja na kopo kwenye nyingine, au mwache achore yeye. Zikijaa, mwite mnunuzi wa chakavu apitaye na mkokoteni, na uhakikishe mtoto yupo anapopima. Ile mizani ya kuning'iniza, sindano yake ikishuka na sauti ikitamka kilo, humfahamisha mtoto kwamba kile alichokiona kimekwisha kina mtu anayekitaka na mahali kinapokwenda kuyeyushwa au kusagwa upya. Fedha zenyewe ni kidogo, na ushauri wangu ni kwamba usimpe mtoto. Kuna mtoto wa jirani aliyekuwa akilipwa kwa kila chupa, akaanza kuomba juisi asubuhi na jioni ili chupa ziongezeke. Ziwe fedha za nyumba nzima, zinunue mafuta ya taa au daftari.

Ndoo iwe ya maganda ya ndizi, ya viazi na ya vitunguu, mabaki ya mboga na makapi ya chai. Nyama, samaki na mafuta visiingie, maana vitaleta panya. Kila mnapomwaga ndoo hiyo kwenye shimo au pipa lililotobolewa, funikeni kwa majani makavu, mwagieni maji kidogo panapokauka, na mpindue mara kwa mara ili hewa ipite. Kwa joto letu la pwani, mboji hupatikana ndani ya miezi michache. Watoto hushangazwa zaidi na mvuke wa joto unaotoka katikati ya rundo linapopinduliwa, na hapo ndipo utakapowaeleza kwamba humo ndani mna viumbe wadogo wasioonekana ambao wanafanya kazi.

Jioni wakikuomba hadithi, wasimulie ile ya jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda, kwa plastiki iliyookotwa, hasa fukweni, na kufunikwa ubavuni kwa vipande vya ndala za rangi zote. Mapema mwaka 2019 lilitweka tanga kutoka Lamu hadi Unguja, safari ya kilomita zipatazo 500. Zilitumika ndala zipatazo 30,000. Watoto wangu walitaka kujua ni nani waliorudi nyumbani miguu mitupu.

Limebaki lile la mama mkwe wako kuchoma taka kila jioni. Moshi wa plastiki una sumu, na watoto ndio wanaosimama karibu kwa sababu moto unawavutia. Lakini usimtume Salma amsahihishe bibi yake, kwani atafundishwa utovu wa adabu badala ya usafi. Mtume akiwa na salfeti yake, amwamkie, kisha aseme, "Bibi, naomba nikusaidie kutoa chupa na mifuko kabla hujawasha." Sidhani kama Bi Mkubwa atakataa. Vioo vilivyovunjika, betri, sindano, dawa zilizopitwa na wakati na pampasi asiviguse kabisa, na asiokote chochote jalalani. Kazi yake iishie kwenye taka za nyumbani kwenu, na akimaliza anawe mikono kwa sabuni.

Nitafika Tanga shule zikifungwa, Mungu akipenda. Ndoo usinunue: ninazo kuukuu za mafuta ya kupikia, zimeoshwa na zina vifuniko, nitakuja nazo pamoja na mbegu za mchicha. Salfeti utazipata kwa muuza mchele, ila umwombe zisizotoboka. Nisalimie shemeji, na Bi Mkubwa umwambie namwamkia.

Ni mimi mwenzako,

Mama Idi