Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeniambia ligi ni biashara tu

Mpwa wangu,

Salaam nyingi. Nimeusoma ujumbe wako na nimeona nikujibu hadharani, kwa kuwa uliyoyasema nayasikia kwa wengi wa rika lako. Umesema ligi ni biashara kama biashara nyingine yoyote. Kwamba wachezaji wanalipwa mamilioni, kwa hiyo wasilalamike. Na kwamba shabiki anayeona tiketi ni ghali akae nyumbani atazame kwenye televisheni. Najua hukuyasema kwa ubaya. Lakini mjomba wako ameipenda michezo maisha yake yote, naye hawezi kuyaacha maneno hayo yapite hivihivi.

Tukubaliane kwanza kwamba sina ugomvi na fedha. Uwanja unatunzwa kwa fedha, mchezaji ana familia, mwamuzi na daktari wa timu nao wanastahili ujira wao. Ugomvi wangu uko pale uliposema "kama biashara nyingine yoyote". Muuzaji wa kawaida humwogopa mteja, kwa sababu mteja akiudhiwa huhamia kwa mwingine. Shabiki ahamie wapi? Timu ameirithi kwa mama yake au kwa babu yake, amelia nayo iliposhuka daraja, ameliimba jina lake tangu utotoni. Hawezi kuamka kesho akawashangilia mahasimu eti kwa kuwa tiketi zao ni nafuu. Wenye ligi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Wanamuuzia mtu kitu anachokipenda tayari, wakijua hana pa kwenda, na bei wanaipanga kwa kuupima huo upendo.

Chukua Liverpool, Februari 2016. Wamiliki walitangaza kwamba msimu unaofuata tiketi ya ghali kabisa katika jukwaa lao jipya ingekuwa pauni 77. Tarehe 6 ya mwezi huo timu ilikuwa nyumbani na Sunderland, inaongoza 2-0. Ilipofika dakika ya 77, maelfu ya mashabiki waliinuka wakatoka. Hebu fikiri inamgharimu nini mtu kuigeuzia mgongo timu yake ikiwa inashinda! Sunderland wakarudisha mabao yote mawili, mechi ikaisha 2-2. Siku nne baadaye wamiliki wakaomba radhi, wakaifuta bei ile na kuahidi kutopandisha kwa misimu miwili. Mwezi uliofuata klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zikakubaliana kwamba tiketi ya shabiki anayesafiri na timu yake ugenini isizidi pauni 30. Na wakati haya yakitokea, ligi hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuuza haki za matangazo ya ndani ya nchi pekee kwa zaidi ya pauni bilioni 5 kwa misimu mitatu. Kwa klabu zenye mapato ya aina hiyo, nyongeza ile ya tiketi ilikuwa fedha ndogo. Kwa mzazi anayekwenda uwanjani na watoto wawili ilikuwa kubwa mno.

Ungedhani somo hilo limeingia. Kwa Kombe la Dunia la 2026 FIFA imeuza tiketi kwa bei inayobadilika kufuatana na wingi wa wanaozitaka, na kwenye soko lake yenyewe la kuuziana tena inakata asilimia 15 kwa anayeuza na asilimia 15 nyingine kwa anayenunua. Makelele yalipozidi, Desemba 2025, zikatengwa tiketi chache za dola 60.

Na hilo la kukaa nyumbani ukatazame, umelisahau lililotokea 2020? Mechi zilichezwa viwanjani bila mtu hata mmoja jukwaani, na stesheni za televisheni zikaona zinachokionyesha kimepooza. Zikaweka kelele za mashabiki zilizorekodiwa. Kelele za watu wasiokuwepo! Tangu siku hizo sijawahi kukubali mtu aniambie kwamba shabiki ni mnunuzi tu. Yeye ni sehemu ya kile kinachouzwa, na katika kukiuza hapewi hata sauti.

Mwaka uliofuata, Aprili 18, 2021, klabu 12 tajiri za Uingereza, Hispania na Italia zilitangaza ligi yao wenyewe, Super League. Watu wengi wanakumbuka kiasi cha fedha kilichotajwa. Mimi nakumbuka kanuni moja: timu 15 waanzilishi zingekuwa na nafasi ya kudumu, hata zikivurunda vipi. Yaani kitu walichotaka kukiondoa kwenye mpira ni hatari ya kushindwa, maana hatari hiyo inawatisha waliowekeza. Bila hatari hiyo, mpwa wangu, tunatazama nini? Mashabiki wa Chelsea walikusanyika nje ya uwanja wao wenyewe kuipinga klabu yao wenyewe, na kufikia usiku wa Aprili 20 klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimetangaza kujitoa.

Siyo kila mara mashabiki wanashinda, nisikudanganye. Marekani, ambako ligi kubwa hazina kushuka daraja kabisa, mmiliki anaweza kuibeba timu nzima akaipeleka mji mwingine. Usiku mmoja wa Machi 1984, Colts, timu ya mpira wa Kimarekani, waliondoka mji wa Baltimore kwa malori, na wakazi wakaamka timu haipo. Juzijuzi tu wamefuatia Oakland Athletics wa besiboli. Ilikuwa inasemwa kwamba mashabiki hawaji uwanjani, basi Juni 13, 2023 wakaja kwa makusudi, 27,759, wakimwimbia mmiliki auze timu. Haikusaidia. Mwisho wa msimu wa 2024 timu ilihama.

Sasa nije kwa wachezaji, maana hapo ndipo uliponiumiza zaidi. "Wanalipwa mamilioni." Wachache, ndiyo. Lakini hata hao wachache, mshahara umenunua kazi yao. Haujanunua haki ya kuwamaliza.

Mike Webster alitwaa ubingwa wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, mara nne na Pittsburgh Steelers. Alifariki 2002 akiwa na miaka 50, na katika miaka yake ya mwisho akili ilikuwa imevurugika hadi kuna nyakati alikuwa akilala ndani ya gari lake. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake ni Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, naye akakuta alama za ugonjwa unaotokana na kichwa kugongwa tena na tena kwa miaka mingi. Aliyachapisha matokeo hayo katika jarida la kitabibu 2005. Ligi haikumshukuru. Madaktari wa kamati yake ya majeraha ya ubongo waliliandikia jarida wakitaka makala ile iondolewe. Kamati yenyewe, iliyoundwa 1994, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya viungo, siyo wa ubongo. Wachezaji wastaafu zaidi ya 4,500 ndio walioishitaki ligi hadi ikakubali, 2013, kulipa dola milioni 765, kiasi ambacho baadaye kiliondolewa ukomo.

Na hata hapo kwenye kulipa, sikiliza. Vipimo vilivyotumika kuamua nani alipwe vilichukulia kwamba mchezaji mweusi alianza maisha akiwa na uwezo mdogo wa akili kuliko mweupe, hivyo ilikuwa vigumu zaidi kwake kuthibitisha kwamba ameumia. Ligi iliahidi kuacha utaratibu huo Juni 2021. Mwaka huohuo wa 2021 ikaongeza mechi za msimu kutoka 16 hadi 17. Utaniambia wachezaji waliipigia kura mechi hiyo ya kumi na saba, na ni kweli, waliupitisha mkataba kwa kura 1,019 dhidi ya 959. Waliokataa walikuwa karibu nusu, na walijua wanachokikataa.

Kwa wanawake hali inachekesha kwa uchungu. Katika WNBA, ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Marekani, New York Liberty walitozwa faini ya dola 500,000 kwa sababu katika msimu wa 2021 waliwasafirisha wachezaji wao kwa ndege za kukodi. Kosa lilikuwa hilo: kuwasafirisha vizuri. Kanuni zilitaka wapande ndege za abiria wa kawaida, kwa hoja kwamba timu isipate faida juu ya nyingine. Ndege za kukodi kwa timu zote zilikuja 2024, ligi ilipoona umati umeongezeka.

Turudi kwenye soka unayoipenda. Septemba 2024 Rodri wa Manchester City aliulizwa kama wachezaji wanaweza kufikia kugoma kwa wingi wa mechi, akajibu kwamba wako karibu. Siku chache baadaye, akicheza na Arsenal, goti likaenda na msimu ukaenda nalo. Sisemi ratiba ndiyo iliyomvunja. Goti huvunjika hata siku ya kwanza ya mazoezi. Nasema tazama kilichokuwa kikiendelea. Msimu huo Ligi ya Mabingwa ilipanuka kutoka mechi 125 hadi 189. Kiangazi kilichofuata, wakati ambao miguu hupumzika, kikajazwa Kombe la Dunia la Klabu la timu 32 lenye zawadi za dola bilioni 1. Chama cha wachezaji, FIFPRO, kwa tawi lake la Ulaya, kilipeleka malalamiko Tume ya Ulaya kwamba FIFA inapanga kalenda bila kuwashirikisha. Na aliyelalamika pamoja nao ni nani? La Liga ya Hispania.

Mwaka mmoja baadaye La Liga hiyohiyo ikawa inapanga kuipeleka mechi ya Villarreal na Barcelona Miami, ng'ambo ya bahari, mechi ya ligi ya ndani kabisa. Wachezaji hawakushirikishwa. Basi wikiendi ya Oktoba 17, 2025, filimbi ya kwanza ilipopulizwa, wachezaji walisimama wima kwa sekunde 15 bila kuugusa mpira. Na kamera? Oviedo na Espanyol walipokuwa wamesimama, picha iliyoonyeshwa kwenye televisheni ilikuwa ya uwanja kwa nje. Hilo linanikasirisha hata sasa ninapoandika. Watu ambao sura zao zinauzwa dunia nzima, kwenye jezi, kwenye mabango, kwenye michezo ya kompyuta, siku walipokuwa na neno la kusema walifichwa wasionekane. Siku chache baadaye mechi ya Miami ilifutwa.

Mashabiki wa Ujerumani wana silaha ambayo wengine hawana. Huko, kwa klabu nyingi, wanachama lazima wabaki na kura nyingi kuliko mwekezaji; wanaiita kanuni ya 50+1. Desemba 2023 wenye ligi walipiga kura kumkaribisha mwekezaji kwenye mapato ya haki za matangazo, kwa takriban euro bilioni 1. Kura zilikuwa 24 kati ya 36, theluthi mbili kamili, na palikuwa na shaka kama mmoja wa waliosema ndiyo alifuata maagizo ya klabu yake. Basi kwa wiki kadhaa ikanyesha mipira ya tenisi na sarafu za chokoleti viwanjani, mechi zikisimama, wachezaji wakiokotaokota. Februari 21, 2024 mpango ukatupwa. Fedha zile zilikuwa halali, na huenda zingeleta faida fulani. Lakini watu waliulizana ni nani atakuwa anapanga saa ya mechi miaka 10 baadaye, na jibu hawakulipenda.

Ninachokitaka mimi hakiuui mpira wala hakimfukarishi mtu: wachezaji wawe na kura pale kalenda inapopangwa, timu isihamishwe bila ridhaa ya mashabiki wake, na daktari anayeamua kama mchezaji arudi uwanjani asilipwe na anayetaka arudi. Hili la tatu ningelianza kesho asubuhi.

Nijibu ukipata nafasi. Najua hapo kwenye kura ya wachezaji utakuwa na hoja, hasa ukizingatia ile ya 1,019 kwa 959, na nataka kuisikia.

Mjomba wako