Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti

Ndugu wanachama,

Mikutano ya chama chetu ya kubadilishana medali na tokeni (vipande vya chuma mithili ya sarafu) ilifanyika mara nne, tulishiriki maonyesho mawili, na somo la kutambua nakala bandia lilitolewa. Hayo mnayafahamu.

Linalonilazimu kulieleza ni ununuzi wa tokeni ya kampeni ya mwaka 1840 ya William Henry Harrison, mgombea urais wa Marekani, iliyolipiwa dola 140 za mfuko wa chama. Baadhi yenu mmelalamika kwamba nimewanunulia kitu kibovu kwa kuwa kina tundu. Naomba kila mmoja aishike mkononi kwanza. Tundu liko juu kabisa, halikugusa kichwa cha Harrison upande mmoja wala bendera ya kibanda cha magogo upande wa pili, na kingo zake zimelainika kwa kuvaliwa. Sarafu ya matumizi ikitobolewa hupungua thamani, lakini tokeni za kampeni zilitobolewa ili zipitishwe utepe na kuning'inizwa kifuani. Gazeti la wapinzani lilimkejeli Harrison kuwa angeridhika na pipa la saida (kileo cha matufaha) na kibanda cha magogo, yaani maisha ya mtu wa kawaida. Wafuasi wake wakaichukua kejeli hiyo, wakaifanya alama yao na kumshinda Rais Martin Van Buren aliyekuwa madarakani, ingawa mgombea wao alizaliwa katika jumba la kitajiri huko Virginia. Harrison alifariki mwezi mmoja baada ya kuapishwa, naye aliyeivaa tokeni hii aliitunza. Mimi nalihesabu tundu hilo kuwa ushahidi, si kasoro. Wala sikuamua peke yangu: wajumbe watatu kati ya watano waliafiki, na ni mimi niliyejadiliana na muuzaji hadi akashusha bei kutoka dola 190.

Inasikitisha kwamba wanaolalamika zaidi hawakuhudhuria mikutano. Mkutano wa Novemba ulikuwa na watu saba, akidi ikiwa 12. Kati ya wanachama 34, waliolipa ada ya dola 20 ni 13 tu. Tulianza na dola 185, ada zikaleta 260, tokeni, ukumbi na meza vikachukua 315, zimebaki 130.

Tunatumaini, Mungu akijalia, kupata siku moja beji ya kampeni ya mwaka 1860 yenye picha ya Abraham Lincoln, hali ya mfuko ikiruhusu.

Tokeni iko kwa mweka hazina. Anayetaka kuitazama aishike kwa kingo, na tafadhali asiisugue kwa dawa yoyote.

Mwenyekiti