Risala ya Akina Mama wa Kikoba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuvunja Mzunguko

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni rasmi wetu, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, viongozi wa dini, wazee wetu na wageni waalikwa: shikamooni, na karibuni sana.

Mheshimiwa, umetukuta siku ya furaha. Leo kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, kinagawana akiba, na kila mama ataondoka na hisa zake zimefungwa kwenye ncha ya khanga. Tuko wanachama 28, na 11 kati yetu tulikuwa wapika gongo, ile pombe kali ya kienyeji. Tunalisema mbele yako bila kujificha. Sheria ya Moshi, maana moshi ni jina jingine la gongo, iliikataza tangu mwaka 1966, lakini ada za watoto wetu zililipwa na pipa na mrija wa shaba, kama mama zetu walivyotulipia sisi.

Wageni waliotoka mbali huchanganya gongo na mbege. Mbege ni ya ndizi na ulezi. Hunywewa kwenye posa na matanga, wazee wakipokezana kata, na baada ya siku chache imechacha. Hatusemi haina madhara. Kilevi ni kilekile, na Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka pombe tangu mwaka 1988 kwenye kundi moja na tumbaku, la vitu vinavyosababisha saratani: ya koo, ya ini, ya matiti. Lakini mbege haibebwi mfukoni hadi kijiweni saa mbili asubuhi.

Ndiyo maana Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipotangaza kwamba viroba, yaani pombe kali za pakiti, mwisho, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, sisi tulipiga vigelegele. Pakiti zile watoto walikuwa wakiziokota njiani kwenda shule. Zimeondoka kweli, na tunaishukuru serikali. Ila pombe kali sasa inapimwa kwa kifuniko cha soda. Mwenye duka anafungua chupa kubwa, kijana wa bodaboda anatoa sarafu, anameza akiwa juu ya pikipiki, anapakia abiria. Mtu asiye na hela ya chupa hakosi hela ya kifuniko.

Mheshimiwa, uturuhusu tukueleze kisa kimoja, kwa idhini ya mwenzetu kilichomkuta.

Mume wake alikunywa kila siku kwa miaka mingi. Jumapili moja alisimama kanisani akaapa kuacha, na kweli hakugusa tena. Jioni ile mikono ilitetemeka hata kikombe cha chai kikamshinda. Jumatatu usiku alianguka kifafa, mtu ambaye hakuwahi kuugua kifafa maisha yake. Jumanne alikuwa anaona siafu wanapanda ukutani, anawapangusa kwa kiganja, jasho linamtiririka, mkewe hamtambui. Ndugu wakasema amerogwa na wenzake wa kilabuni kwa kuwa amewakimbia. Siku mbili zikaishia kwa mganga. Alipofikishwa hospitali muda ulikuwa umekwenda. Tulimzika Jumamosi.

Daktari ndiye aliyetufumbua macho. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza kupata degedege na weweseko hadi kuua. Mgonjwa wa namna hiyo hulazwa siku chache, akapewa dawa za kutuliza na vitamini B1, akiangaliwa usiku na mchana. Wengi wanapona. Sisi tulikuwa tumemshangilia kanisani, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba alihitaji kitanda.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza, na ndilo kubwa, ni zahanati yetu ipate dawa hizo na mtumishi aliyefunzwa kumpokea mtu anayetaka kuacha pombe, amhudumie kama anavyomhudumia mgonjwa wa malaria, bila kumgombeza. Kwa sasa zahanati humwambia arudi nyumbani akapumzike.

Pia, Mheshimiwa, misako ikija huishia kwenye majiko yetu. Maduka yanayopima kwa kifuniko hayaguswi. Tunaomba leseni na saa za kuuza pombe zisimamiwe kwa wote, na kikoba hiki kiko tayari kutoa wajumbe wawili wa kukaa na Serikali ya Kijiji kwenye kazi hiyo.

Mwisho, wenzetu 11 wameacha mrija, lakini ada bado inadaiwa. Tumeandika andiko la mradi wa kukausha ndizi na kusaga unga, na tumeomba kwenye ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake. Mashine ndiyo tunayokosa. Ndizi zipo, zinaozea kihambani, kwenye migomba ya nyumbani. Mrija wa shaba wa mwenyekiti wetu uko pale mezani, umekatwa vipande vitatu. Tunaomba uupokee kwa mikono yako.

Naomba kuwasilisha.